Magneto mbili, magneto moja na elektroniki moja, au elektroniki tupu: uiwashe vipi injini ya ndege unayojijengea?

Nyuma ya injini ya Lycoming ya silinda nne kuna nafasi mbili za kufungia magneto, yaani kifaa chenye sumaku kinachotengeneza umeme wa cheche za plagi, moja kushoto na moja kulia. Kila silinda ina plagi mbili, na kila magneto inalisha plagi nne, moja kwa kila silinda. Mfumo mmoja ukifa, wa pili unakurudisha nyumbani. Kwenye ndege iliyotoka kiwandani mambo haya yaliamuliwa kabla hujainunua. Anayejijengea ndege ana hiari, na hiari hiyo imewakalisha wengi bandani hadi usiku, katalogi mkononi, injini ikiwa bado kwenye kreti.

Wengi huanza kwa kuuliza ni ipi yenye cheche kali. Mimi ningeanzia kwingine. Uko angani, chumba cha rubani kimeanza kunuka waya unaoungua. Unazima swichi kuu ya umeme, kama ulivyofundishwa. Injini inaendelea kunguruma au inanyamaza? Hapo ndipo machaguo haya yanapoachana hasa, na karibu kila kitu kingine nitakachosema kinarudi kwenye swali hilo.

Kama injini yako ni Rotax 912, unaweza kuishia hapa. Tayari ina mifumo miwili ya elektroniki isiyo na platini (zile ncha za chuma zinazofunguka na kufunga ili cheche ipigwe), na inajitengenezea umeme kwenye flaiwili bila kuomba betri. Makala haya ni ya wenye injini za mtindo wa Lycoming na Continental, ambazo mjenzi hupewa nafasi ya kuchagua.

Tunapima kwa vigezo gani

Nimechagua vitano, na kila chaguo nitalipitisha kwenye vyote: umeme wa cheche unatoka wapi, taiming (wakati cheche inapopigwa kulingana na mwendo wa pistoni) imekazwa au inasogea, kazi ya kufunga, matunzo baada ya hapo, na mwisho, mfumo unakufaje ukiamua kufa. Sikuweka bei kama kigezo cha peke yake kwa sababu bei ya boksi hudanganya. Mfumo wa elektroniki unaohitaji betri ya pili, waya nene na fyuzi zake una bei ya hivyo vyote, na magneto rahisi ina bei ya kufunguliwa na kukaguliwa kila baada ya saa mia kadhaa.

Kwanza, kwa nini mtu asogeze taiming

Hili linastahili nafasi, maana ndilo linalouza mifumo ya elektroniki, na mara nyingi hutajwa bila kuelezwa.

Mafuta kwenye silinda hayalipuki papo hapo. Yanaungua, na kuungua kunachukua muda. Tunataka shinikizo liwe kubwa kabisa pistoni ikiwa imeshavuka kilele na kuanza kushuka, kama nyuzi 15 hivi za mzunguko wa kranki (mhimili mkuu wa injini) baada ya kilele. Kwa hiyo cheche hutangulizwa. Lycoming nyingi za silinda nne zimepangwa nyuzi 25 kabla ya kilele, nyingine 20. Namba yako imepigwa kwenye kibati cha injini, kaisome. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kranki hupita nyuzi 15 kila milisekunde. Nyuzi 25 ni chini kidogo ya milisekunde 1.7, na huo ndio muda uliopewa moto kujijenga kabla pistoni haijafika juu.

Ukiruka chini, mkaba (kishikio cha nguvu ya injini) umefunguliwa wote na mchanganyiko wa hewa na mafuta ni mzito, muda huo unatosha vizuri. Panda futi 8,000. Shinikizo la manifoldi, yaani la hewa inayoingia kwenye silinda, limeshuka hadi inchi 22 hivi za zebaki badala ya 29, kisha unavuta mkono wa mchanganyiko kupunguza mafuta. Hewa ni chache, mafuta ni kidogo, moto unatambaa. Ukichelewa kwa nusu milisekunde tu, umepoteza nyuzi saba na nusu. Magneto haijui hilo, itawasha kwenye nyuzi zilezile 25. Mfumo wa elektroniki unaosoma shinikizo la manifoldi na kasi ya injini huitanguliza cheche, mara nyingi ikapita nyuzi 30.

Tahadhari mbili zinafuata. Faida hii iko juu na kwenye mchanganyiko mwembamba. Kwa anayezunguka uwanja akitua na kupaa, ni ndogo sana. Na cheche ikitangulia, joto la vichwa vya silinda hupanda huku joto la moshi likishuka. Kama ubaridi wa injini yako tayari unakusumbua, unajiongezea kazi. Mwenye pistoni za mgandamizo mkubwa achague ramani ya taiming ya upole, la sivyo injini itaanza kugonga, na kwenye injini ya ndege, penye kelele zote zile, hutasikia kugonga huko kama unavyokusikia kwenye gari.

Chaguo la kwanza: magneto mbili

*Umeme.* Zinajitengenezea zenyewe. Sumaku inazunguka ndani, platini zinafunguka, koili inatoa volti za kutosha kuruka pengo la plagi. Ndugu Wright waliruka mwaka 1903 na injini iliyopata cheche kwa magneto, na hoja bado ni ileile: maadamu kranki inazunguka, cheche ipo. Zima swichi kuu, ng'oa betri, alteneta ife. Injini haina habari. Ndege isiyo na mfumo wa umeme kabisa huwashwa kwa kuzungusha propela kwa mkono.

*Taiming.* Imekazwa, isipokuwa wakati wa kuwasha. Magneto moja, kwa kawaida ya kushoto, ina kifaa cha springi kinachoishika sumaku, kinaikawiza mpaka pistoni ifike karibu na kilele, kisha kinaiachia ghafla. Ndiyo ile "kack" unayoisikia ukizungusha propela polepole kwa mkono. Sauti hiyo ikipotea, usiendelee kuwasha, fungua uangalie.

*Kufunga.* Ni kazi ya saa chache kwa aliyewahi kuifanya. Unaipeleka silinda ya kwanza kwenye mgandamizo (kidole kwenye tundu la plagi kinasukumwa na hewa), unalinganisha alama ya nyuzi 25 kwenye gurudumu la meno la stata, unaifunga magneto, unaizungusha kidogo hadi taa ya taiming iseme. Waya mmoja tu mwembamba unaingia kwenye swichi, nao ni wa kuizima. Waya huo ukikatika, magneto haizimiki: propela inabaki hai huku ufunguo umetolewa. Kila anayefanya kazi karibu na propela alijue hilo kabla ya jingine lolote.

*Matunzo.* Hapa ndipo zinapodai chake. Ukaguzi wa ndani kila saa 500 ndio mapendekezo ya kawaida ya watengenezaji. Platini zinalika, taiming inasogea kidogo kidogo bila kukuaga. Plagi za ndege ni nzito, ghali, zina pengo dogo la milimita 0.4 hadi 0.5, na hukusanya madini ya risasi yatokayo kwenye mafuta. Utazifungua, utazisafisha, utazibadilishana nafasi.

*Zinavyokufa.* Mara nyingi polepole. Mizunguko ya injini inayopotea ukizima magneto moja kwenye ukaguzi kabla ya kupaa inaongezeka, kuwasha kunakuwa kugumu, injini inatetemeka juu angani. Unapata barua kabla ya msiba.

Zinamfaa mwenye ndege sahili, anayeruka chini na karibu, anayependa kuzungusha propela kwa mkono, au ambaye hataki injini yake itegemee waya aliozifunga mwenyewe. Hiyo ya mwisho si woga. Kuna wajenzi hodari wa bati ambao umeme huwapiga chenga.

Chaguo la pili: magneto moja, elektroniki moja

*Umeme.* Upande mmoja unajitegemea, mwingine unakula betri. Swali la moshi linajibiwa kirahisi: elektroniki itazima, magneto itaendelea, utapoteza nguvu kidogo na utatua.

*Taiming.* Inasogea upande mmoja tu, na hiyo inatosha kuliko watu wanavyodhani. Moto unaanza kwenye plagi ya elektroniki iliyotangulia. Magneto inapofika na cheche yake kwenye nyuzi 25, kazi imeshaanza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya faida huja na mfumo wa kwanza, na wa pili huongeza kiasi kidogo.

*Kufunga.* Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutoa magneto isiyofaa. Tuseme umeng'oa ya kushoto yenye springi ukabakiza ya kulia isiyo nayo. Hiyo ya kulia ikiachwa hai wakati wa kuwasha inaweza kupiga cheche kwenye nyuzi 25 huku kranki ikijikokota, na propela ikapiga teke kurudi nyuma. Stata huvunjika hivyo, na mkono pia. Swichi ya ufunguo ya kawaida huizima ya kulia wakati wa kupiga stata, lakini wajenzi wengi hufunga swichi mbili za kawaida na kitufe, basi kumbukumbu ya kuizima inabaki kichwani mwa rubani. Rahisi zaidi ni kuibakiza ile yenye springi.

Elektroniki yenyewe hufungwa kwa njia mbili. Kuna inayokaa kwenye tundu la magneto na kuzungushwa na gia ileile, kama SureFly au P-mag. Nyingine husoma kranki moja kwa moja kupitia sensa na sumaku zilizopachikwa kwenye gurudumu la flaiwili, huku boksi na koili zikifungwa penye nafasi. Hii ya pili ina usahihi mzuri, lakini inakutaka utoboe na kugandisha sumaku mahali pake. Flaiwili ya Lycoming ina bushi moja kubwa kuliko nyingine, nayo huingia tundu lake tu. Ihakikishe kabla ya kukaza, maana flaiwili iliyokaa tundu siyo huhamisha taiming yote.

Plagi zinabadilika pia. Unafunga adapta za kutoka milimita 18 kwenda 14 na plagi za gari zenye rizista, pengo karibu milimita 0.8. Ni nafuu kiasi kwamba wengi huzitupa kwenye ukaguzi wa mwaka badala ya kuzisafisha.

*Matunzo.* Nusu kwa nusu. Magneto bado inadai saa 500 zake. Elektroniki inadai macho: viungio, waya za plagi, bomba la shinikizo la manifoldi.

*Zinavyokufa.* Kila mmoja kwa tabia yake, na huo ndio uzuri wake. Tatizo moja, liwe la umeme au la platini, haliwezi kuziua zote. Ila jifunze upya ukaguzi kabla ya kupaa. Kwa magneto mbili za Lycoming, ukizima moja, kushuka kusizidi mizunguko 175 kwa dakika, na tofauti baina yao isizidi 50. Hapa kanuni ya tofauti haifanyi kazi: ukizima magneto, sindano karibu haitikisiki, ukizima elektroniki, inashuka sana. Andika namba za ndege yako ikiwa nzima, na linganisha nazo.

Wanaofaidika zaidi na chaguo hili ni wanaosafiri safari ndefu, wanaopanda juu kiasi, na wanaotaka kuokoa mafuta bila kujenga upya mfumo wa umeme. Lisilopendeza ni kubeba vipuri vya aina mbili na plagi za aina mbili.

Chaguo la tatu: elektroniki pande zote

*Umeme.* Jina ni moja, lakini humu mna familia mbili zisizofanana.

Familia ya kwanza inategemea umeme wa ndege moja kwa moja. Hapo swichi kuu haipaswi kuukata uwashaji. Kila mfumo uwe na waya wake kutoka betri, fyuzi yake, swichi yake na eathi yake. Nimeona michoro mizuri kabisa ambamo mifumo miwili inatoka betri mbili, kisha zote zinarudi kwenye boliti moja ya eathi. Boliti hiyo ikilegea, betri mbili hazikusaidii kitu.

Kisha piga hesabu. Tuseme kila mfumo unakula ampea 1.5. Miwili ni 3. Betri ya akiba ya ampea-saa 9 inakupa saa tatu kwenye karatasi. Betri imezeeka, kuna baridi, redio nayo imewashwa. Hesabu nusu, saa moja na nusu. Kama matangi yako yana mafuta ya saa nne, ujue kwamba alteneta ikifa, saa unayoiangalia ni ya betri. Weka taa kali ya kuonya volti zikishuka, mahali ambapo jicho haliwezi kuikosa.

Familia ya pili, P-mag ikiwa mfano unaojulikana, ina jenereta ndogo ndani. Inahitaji betri kuwashia, lakini injini ikishazunguka vya kutosha, chini kidogo ya mizunguko 1,000 kwa dakika, inajilisha. Zima swichi kuu angani, nayo inaendelea. Lakini punguza mkaba hadi chini kabisa kwenye mwendo wa kutua bila umeme wa ndege, na inaweza kuzimika. Kuipima jenereta hiyo kwa kukata umeme wa nje wakati wa ukaguzi ni sehemu ya orodha, si hiari.

*Taiming.* Inasogea kote, na kuwasha ni raha. Cheche hukawizwa zenyewe, hakuna springi. Ila betri dhaifu ni adui: volti zikishuka sana stata ikivuta, boksi linaweza kuchanganyikiwa na propela ikapiga teke. Kama betri inajikongoja, chaji kwanza.

*Kufunga.* Ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Mifumo mingi hupiga cheche mbili kwa pamoja: silinda 1 na 2 hushirikiana koili, 3 na 4 vilevile, kwa kuwa pistoni zao hufika juu pamoja. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4. Jirani yangu wa bandani alizibadilisha waya za silinda 2 na 3 kwenye mfumo mmoja, kosa la dakika moja saa moja usiku. Alipopiga stata injini ikakohoa kupitia kabureta, mara moja, puh, na kichujio cha hewa kikatoka na doa jeusi. Tangu siku hiyo anabandika namba pande zote mbili za kila waya, kwenye koili na kwenye plagi, na anamwita mtu mwingine azisome kwa sauti.

Joto nalo ni suala. Vifaa vinavyokaa kwenye tundu la magneto vimejazwa elektroniki mahali palipokuwa pa chuma na platini. Watengenezaji hutaka kibomba cha hewa baridi kwa kila kimoja. Usikiache kwa kuona ni urembo tu. Na ukizima injini ya moto ukafunga kava, joto hupanda kabla ya kushuka.

*Matunzo.* Hakuna platini. Lakini kuna programu, viungio na sensa, na fundi wa uwanja wa mbali hatakuwa na kipuri. Magneto inaweza kufufuliwa kwa bisibisi na taa ya taiming. Boksi lililokufa hutumwa kwa mtengenezaji.

*Zinavyokufa.* Mara nyingi ghafla, bila dalili. Kosa la pamoja ndilo la kuogopa: umeme mmoja, programu moja, radi moja. Wajenzi wengine huchanganya mifumo ya watengenezaji wawili kwa sababu hiyo tu.

Chaguo hili linawafaa wanaojenga ndege ya umeme tangu mwanzo, yenye betri mbili au alteneta mbili, na wanaoyapenda mahesabu ya waya kama wanavyopenda ribiti. Mwenye propela ya chuma amuulize kwanza mtengenezaji wa propela. Taiming iliyotangulia huongeza shinikizo la kilele kwenye silinda na kubadilisha mtetemo, na baadhi ya propela zina mipaka kwa ajili hiyo.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na ndege ndogo isiyo na alteneta, unaruka jioni kuzunguka uwanja: magneto mbili, na fedha iliyobaki iende kwenye mafuta.

Ukiwa unapanga safari za saa mbili tatu juu ya futi 7,000, na mfumo wa umeme ni wa kawaida wenye betri moja na alteneta moja: magneto moja na elektroniki moja, magneto yenye springi ikibaki. Nikibanwa niseme mjenzi wa kwanza aanzie wapi, huwa ninaelekeza hapa, hasa kwa sababu ya namna mfumo huu unavyokufa.

Ukiwa na skrini za kielektroniki mbele yako, mfumo wa kielektroniki wa kupulizia mafuta na pampu ya umeme, injini yako tayari haiwezi kuishi bila betri. Magneto haitakuokoa pampu ikisimama. Jenga umeme imara, kisha funga elektroniki pande zote bila majuto.

Ukiwa unataka elektroniki mbili lakini umeme wa ndege yako ni mwepesi, tazama zile zenye jenereta ndani, na andika kwenye orodha ya dharura mzunguko ambao chini yake usitarajie cheche.

Na kama injini imekuja na magneto mbili zilizo nzima, zifunge hizohizo. Maliza saa za majaribio ukiwa na jambo moja jipya pungufu la kutafuta hewani kukiwa na mtikisiko usioujua. Wakati wa kufunga waya, pitisha waya mbili za ziada kutoka betri hadi ukuta wa moto (unaotenganisha injini na chumba cha rubani), zikunje na kuziba ncha, na kwenye silinda ya tatu au ya nne weka kiungio cha kibomba cha shinikizo la manifoldi kikiwa kimefungwa kifuniko. Baada ya mwaka, ukiwa na daftari la joto na matumizi ya mafuta ya ndege yako mwenyewe, ng'oa ile ya kulia.